Wakili wa miaka minne anauliza: nikasome uzamili wa sheria ya kodi?

Swali lenyewe, kwa ufupi, ni hili:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakili, natimiza mwaka wa nne tangu niapishwe. Kazi zangu nyingi ni mikataba na madai ya kawaida. Mwaka jana nilikabidhiwa faili la mteja aliyetozwa kodi kwa sababu ya fedha zilizoingia kwenye akaunti ya kampuni yake. Mamlaka ya kodi ilisema ni mauzo yaliyofichwa. Yeye alisema ni fedha zake mwenyewe alizoikopesha kampuni. Tulishindwa. Tangu siku ile sina raha, nataka kujua tulikosea wapi, na nimeanza kuwaza shahada ya uzamili ya sheria ya kodi. Lakini hesabu niliziacha shuleni, sikuzirudia. Wenzangu wanasema bora nisome uhasibu. Mume wangu anauliza: uache kazi mwaka mzima, urudi ukiwa nani? Nisome? Na kama ni kusoma, wapi, darasani au mtandaoni?"

Marahaba, binti yangu. Nenda kasome. Ila usiende mwaka huu, nenda mwaka ujao, na miezi hii iliyobaki uitumie kama nitakavyokueleza.

Wengi wangekuambia nenda kwa sababu wanasheria wa kodi ni wachache na wanalipwa vizuri. Hilo ni kweli mahali pengi, lakini silitegemei. Mimi nimeshikwa na sentensi yako moja: "sina raha, nataka kujua tulikosea wapi." Katika miaka niliyofundisha somo hili nimewaona wanafunzi wa aina mbili wakikaa dawati moja. Mmoja kaja kwa sababu kaambiwa kodi ina fedha. Mwingine kaja na faili lililomshinda. Wote wanasoma vifungu vilevile, lakini yule wa pili kila anapogeuza ukurasa anatafuta jibu la jambo analolijua kwa sura na kwa jina. Mwisho wa mwaka hawalingani hata kidogo.

Basi tuanze na faili lako, maana ndani yake mna nusu ya mtaala.

Katika nchi nyingi, mamlaka ikishatoa makadirio ya kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio hayo si sahihi unamwangukia mlipakodi. Wakili aliyezoea madai ya kawaida huingia na mazoea yake: anayedai ndiye athibitishe. Akisimama mbele ya baraza anatoa hoja nzuri kabisa kuhusu maana ya mkopo kisheria, naye mwenyekiti wa baraza anamuuliza swali moja tu: hati iko wapi? Hapo ndipo kesi za namna yako huvunjikia. Anataka mkataba wa mkopo wenye tarehe ya wakati ule. Anataka azimio la bodi, na mizania ya mwaka husika inayoonyesha deni hilo upande wa madeni ya kampuni. Anataka kujua kama kuna riba, na kama haipo, kwa nini. Tena kuna swali ambalo mawakili wengi hawalitarajii: huyo mkurugenzi alizipata wapi fedha za kukopesha, ikiwa katika taarifa zake binafsi za kodi alitangaza kipato kidogo kuliko mkopo wenyewe? Sijaliona faili lako, lakini ningekuwa mtu wa mamlaka ningeanzia hapo.

Uzamili wa kodi hukufundisha kuuliza maswali hayo kabla hajayauliza mwingine. Halafu hukupeleka chini zaidi, kwenye swali ambalo sheria ya kodi imelibeba karibu karne nzima: tuangalie jina ambalo watu wamelipa jambo lao, au tuangalie jambo lenyewe?

Mwaka 1935 mahakama mbili kubwa zililijibu swali hilo kwa njia mbili zinazopingana, miezi minne tu kati ya hukumu na hukumu. Januari, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Gregory dhidi ya Helvering. Bibi Gregory alikuwa ameanzisha kampuni iliyoishi siku chache tu, ipitishiwe hisa kisha ivunjwe, ili gawio lake lisionekane kuwa gawio. Kila hatua ilifuata maneno ya kifungu. Mahakama ikasema maneno yamefuatwa, lakini hapakuwa na biashara yoyote ndani yake, kwa hiyo alipe. Mei mwaka huohuo, House of Lords ya Uingereza iliamua kesi ya Duke wa Westminster. Mtukufu huyo alikuwa amewaandikia watumishi wake, mtunza bustani akiwamo, hati za kuwalipa fedha kwa miaka kadhaa ambazo sheria ya wakati ule ilimruhusu kuzitoa katika hesabu ya kodi, huku mshahara wa kawaida haukuruhusiwa. Kila mtu alijua mtunza bustani yule anapokea ujira wa kazi yake. Mabwana wale walisema hati ni hati, akashinda. Uingereza haikuanza kuondoka kwenye msimamo huo hadi 1981, katika kesi ya Ramsay, ambako mahakama ilikubali kuutazama mpango wote kwa pamoja badala ya hatua mojamoja.

Sasa rudi kwa mteja wako: mkopo, au mauzo yaliyovikwa nguo za mkopo? Hukuwa umesoma kesi hizi, lakini ulikuwa umesimama ndani yake.

Nije kwenye hesabu, maana najua ndiyo hofu inayokukosesha usingizi. Nitakueleza lililonipata mimi, kwani ndilo lililonipeleka shule.

Nilipokuwa na umri wako kazini, niliandaa mkataba wa mteja aliyeajiri wataalamu kutoka nje ya nchi. Tuseme ada yao ilikuwa 100. Upande wa pili uliomba kifungu kiseme ada italipwa "bila makato yoyote." Nilikiona kifungu cha kawaida, nikakiacha kipite. Sheria ya kodi ilimtaka mlipaji azuie asilimia 15 ya ada ile na kuipeleka serikalini. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Lakini mkataba wangu ulisema mpokeaji apate 100 kamili. Kwa hiyo ada ilibidi ikokotolewe upya, kipatikane kiasi ambacho ukikitoa asilimia 15 kinabaki 100. Chukua 100, gawanya kwa 0.85, unapata 117.65. Mteja wangu alilipa 17.65 ya ziada kwa kila 100, malipo hadi malipo, miaka yote mitatu ya mkataba, kwa sababu ya maneno matatu niliyoyaruhusu. Sijayasahau maneno yale.

Tazama hesabu iliyomo humo. Ni kugawanya. Mtoto wa shule anaiweza. Ambalo mtoto wa shule haliwezi, na mimi pia sikuliweza wakati ule, ni maswali yaliyoizunguka hesabu hiyo. Ada hii ni ya huduma za kitaalamu, au ni mrabaha kwa sababu wameacha michoro na programu? Kazi imefanyika hapa au huko kwao, na je, sheria inajali? Kuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili? Kama upo, umefuata mfano gani, yaani kielelezo kipi cha mkataba? Mfano wa Umoja wa Mataifa uliongezewa mwaka 2017 kifungu cha 12A, kinachoruhusu nchi ya mlipaji kuzuia kodi kwenye ada za huduma za kitaalamu. Mfano wa OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, hauna kifungu hicho. Hapo namba 15 ni ileile, lakini huenda ikatozwa au isitozwe kabisa kutegemea maneno yaliyokubaliwa na watu waliokutana mezani miaka ishirini iliyopita.

Tena tazama upande wa mpokeaji. Tuseme ada ni 100 na gharama zake za kufanya kazi hiyo ni 85. Faida yake ni 15. Asilimia 15 ya ada nzima ni 15. Faida yote imekwenda, hajabaki na kitu, na bado nchi yake inaweza kumtaka alipe kodi huko. Ukiona mtaalamu wa nje anang'ang'ania maneno "bila makato yoyote", ujue hafanyi ukaidi, anaiona namba hiyo. Majadiliano ya mkataba hubadilika kabisa pale wakili anapoiona naye.

Kwa hiyo hesabu unayoihitaji ni asilimia, mgawanyo, na uwezo wa kusoma mizania na hesabu za faida na hasara bila kuogopa. Uchakavu wa mali utakusumbua wiki mbili, kisha utauzoea. Ndiyo maana nikasema subiri mwaka. Katika miezi hii tafuta kozi ya mwanzo ya uhasibu, ile ya kujua upande wa kulia na wa kushoto, na kwa nini deni la kampuni kwa mkurugenzi linakaa pale linapokaa. Uifanye kwa mkono, na kalamu. Wanafunzi wangu waliokwama hawakukwamishwa na kuhesabu. Walikwama kwa sababu walipopewa hesabu za kampuni walisoma maneno tu na kuziruka namba, kama mtu anayesoma barua akiruka kila jina.

Wenzako wanaosema usome uhasibu moja kwa moja hawakutakii mabaya. Mhasibu mzuri atakushinda daima katika kuandaa taarifa za kodi, na katika ofisi nyingi ndiye anayemwona mteja kwanza. Lakini wewe tayari una kitu ambacho yeye anakitafuta: umefundishwa kusoma kifungu na kusimama mbele ya hakimu. Zaidi ya hapo kuna suala la siri kati ya wakili na mteja. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Prudential, ilikataa kuupanua ulinzi wa ushauri wa kisheria uwafikie wahasibu, hata wanapotoa ushauri uleule wa sheria ya kodi. Nchi nyingine zina kanuni zao, uzisome za kwako; lakini mteja mwenye mgogoro mkubwa analijua jambo hilo na ndilo linalomfanya agonge mlango wa wakili. Jifunze lugha ya wahasibu. Huna haja ya kuacha taaluma yako ukaanze nyingine.

Shahada zenyewe zipo za namna mbili, ingawa zote huandikwa LL.M., na hapa watu hupoteza fedha nyingi kwa kutouliza.

Ya kwanza hufundisha kodi ya nchi moja kwa kina kikubwa. Marekani ndiyo kwao. Chuo Kikuu cha New York (NYU) kina programu yake ya kodi tangu 1945, na Georgetown na Chuo Kikuu cha Florida nazo zina majina makubwa katika fani hiyo. Mwanafunzi hukaa na sheria ya kodi ya shirikisho ya Marekani kifungu kwa kifungu: ugawaji wa kampuni, ubia, mirathi, taratibu za mashauri. Kwa atakayefanya kazi na sheria hiyo, sijaona mafunzo bora kuliko hayo. Kwa atakayerudi nchi nyingine, atarudi akiwa bingwa wa sheria za watu. Nidhamu ya kusoma atakuwa ameipata, na hiyo si haba, lakini vifungu vyenyewe hatavitumia. Vyuo hivyo hivyo huwa na njia ya kodi ya kimataifa pia, NYU ikiwamo, kwa hiyo soma jina la programu hadi mwisho kabla ya kutuma maombi.

Ya pili hufundisha kodi ya kimataifa na ulinganisho wa mifumo. Ulaya ina nguvu hapa. Leiden, Uholanzi, wana shahada ya sheria ya kodi ya kimataifa inayovuta watu kutoka kila bara. Chuo Kikuu cha Uchumi na Biashara cha Vienna wana yao, ya mwaka mmoja kwa wanaosoma muda wote au miaka miwili kwa walio kazini. London kuna King's College na Queen Mary. Kwa mtu mwenye swali kama lako, anayekusudia kurudi ofisini kwake, mimi ningeelekea upande huu.

Nikuonyeshe wanachokifundisha huko, kipande kimoja tu. Katika mikataba ya kodi kuna dhana ya kituo cha kudumu cha biashara. Kampuni ya nchi moja ikifanya kazi nchi nyingine, ile nchi ya pili hairuhusiwi kutoza faida yake ya biashara mpaka kampuni iwe na kituo cha aina hiyo kwenye ardhi yake. Eneo la ujenzi huwa kituo cha kudumu likizidi muda fulani. Mfano wa OECD unasema miezi 12. Mfano wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa kwanza 1980 ukizingatia zaidi nchi zinazoendelea, unasema miezi 6. Chukua mkandarasi aliyejenga daraja kwa miezi kumi. Chini ya mfano wa kwanza, nchi yenye daraja haipati hata senti ya kodi ya faida yake. Chini ya mfano wa pili, inatoza. Daraja ni lilelile, mkandarasi ni yuleyule.

Halafu mwalimu anaongeza jambo. Anasema: kandarasi imegawanywa. Kampuni ya kwanza imejenga miezi mitano, ikaondoka, kampuni ndugu yake ikamalizia miezi mitano. Hakuna iliyozidi miezi 6. Darasa linanyamaza. Hapo ndipo mnapelekwa kwenye ripoti za OECD za mwaka 2015 kuhusu uhamishaji wa faida, na kwenye mkataba wa pande nyingi uliotiwa saini Paris mnamo Juni 2017, ambao kifungu chake cha 14 kimeandikwa kwa ajili ya mgawanyo wa namna hiyo. Ukifika hapo unauliza: nchi yangu imeusaini mkataba huo? Imejitenga na kifungu hicho? Mkataba wetu na nchi ya mkandarasi umeguswa au haukuguswa? Masaa matatu ya darasa yanaisha mkiwa bado kwenye daraja moja. Mimi hupenda sana kipindi hicho.

Chombo cha kupimia programu kabla hujaamua ni mtaala wao wa mwaka huu. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kiwango cha chini kabisa cha kodi, asilimia 15, kwa makundi makubwa ya kampuni, yale yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka. Kukiwa na programu ya kodi ya kimataifa isiyoigusa habari hiyo kwa undani, waalimu wake wanafundisha kutoka kwenye madaftari ya zamani. Uliza pia nani anafundisha. Nyingi ya programu nzuri huchanganya maprofesa na watu wanaotoka kazini: hakimu wa kodi, mjumbe wa majadiliano ya mikataba, mshauri wa kampuni. Na uliza nani wanasoma. Jambo hili waombaji hawaliulizi, nami naliona kubwa kuliko majengo na jina la chuo. Darasa lenye maofisa wa mamlaka za kodi na mawakili wa walipakodi wakiwa bega kwa bega hukufundisha vitu visivyo kwenye kitabu chochote. Utamsikia ofisa akieleza jinsi anavyoamua faili lipi lifunguliwe kwanza, na hutalisahau.

Ndiyo maana swali la darasani au mtandaoni nalijibu hivi: ukiweza kukaa darasani, kaa. Mtandaoni masomo yenyewe yanafundishika vizuri, vifungu ni vilevile, na kwa mwenye watoto wadogo au kazi asiyoweza kuiacha ni njia halali isiyo na aibu. Lakini mazungumzo ya baada ya kipindi hayapitii kwenye skrini. Ukichagua mtandaoni, chagua programu yenye vipindi vya moja kwa moja, siyo video za kutazama peke yako usiku.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Taasisi ya wataalamu wa kodi ya Uingereza hutoa stashahada ya juu ya kodi ya kimataifa iitwayo ADIT, ya mitihani mitatu, ambayo mtu hujisomea akiwa popote. Haina jina la shahada ya uzamili na haikupi wenzako wa darasa. Lakini kwa mtu mwenye wasiwasi kama fani inamfaa, kufanya mtihani wa kwanza wa kanuni za kodi ya kimataifa ni kipimo kizuri kabla hajaacha mshahara. Ukijikuta unaisoma hata siku ambazo hujajilazimisha, umeshapata jibu la kumpa mumeo.

Tahadhari moja niiseme waziwazi. Shahada hii haikupi leseni ya uwakili nchi uliyosomea. Masharti ya kufanya mtihani wa uwakili kwa mwenye shahada ya nje hutofautiana, na masomo ya kodi pekee mara nyingi hayatoshelezi masharti hayo. Kama una ndoto ya kubaki huko, soma kanuni za chama cha mawakili cha mahali hapo kabla ya kulipa ada, usisikilize maneno ya mawakala.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Usikope fedha nyingi kwa matumaini ya mshahara ambao bado hujaahidiwa. Muulize mwajiri wako kwanza, ofisi nyingi hazina mtu wa kodi na zinajua pengo hilo. Akikubali kukulipia, atataka urudi umtumikie miaka kadhaa; isome hati hiyo kama unavyosoma mkataba wa mteja, hasa kifungu cha marejesho ukiondoka mapema. Vyuo vingi hutoa punguzo la ada kwa waombaji wazuri, na mara nyingi huwapata wale walioomba mapema tu.

Barua ya maombi ndiyo sehemu ambayo faili lako litakufaa. Nimesoma barua nyingi zinazoanza na "tangu utotoni nimekuwa na mapenzi na sheria." Msomaji amechoka nazo. Wewe anza na chumba cha baraza: siku ile, swali lile, hati ambayo hamkuwa nayo. Usitaje jina la mteja wala jambo litakalomtambulisha, siri yake bado ni siri yako. Eleza ulichokielewa baadaye, na ambacho hadi leo hujakielewa. Kisha sema somo gani katika mtaala wao linakigusa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Kama programu inadai tasnifu, na nyingi zinadai, taja swali unalotaka kulichunguza hata kama utalibadilisha. Mikopo kati ya kampuni na wamiliki wake ni mada ambayo haijamalizwa katika mifumo mingi.

Na sasa mumeo, urudi ukiwa nani. Mwambie njia ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna ofisi za mawakili na kampuni kubwa za ukaguzi, hizo kila mtu anazijua. Kuna kampuni zinazohitaji mwanasheria wa ndani wa kodi. Kuna mabaraza ya rufani za kodi. Na kuna upande wa serikali, ambao nakuomba usiupite haraka.

Tazama kisa cha Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza. Mwaka 2007 ilinunua biashara moja ya simu nchini India kwa zaidi ya dola bilioni 10, lakini hisa iliyouzwa ilikuwa ya kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman. India ikadai kodi. Januari 2012 Mahakama ya Juu ya India ikasema sheria, kama ilivyoandikwa, haifiki huko. Bunge likaibadilisha sheria mwaka huohuo na kuirudisha nyuma kwa miaka mingi, ugomvi ukaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2021 India yenyewe ikaifuta hatua ile. Karibu miaka kumi na minne ya mvutano, kwa sababu kifungu hakikuwa kimeandikwa na mtu aliyeliona tukio hilo likija. Kila nchi inahitaji watu wa kuandika vifungu, na wa kukaa kwenye meza ya majadiliano wakijua tofauti ya miezi 6 na miezi 12 inamaanisha nini kwa hazina yao. Hivi sasa, chini ya Umoja wa Mataifa, nchi zinajadili mkataba mpya wa msingi wa ushirikiano wa kodi. Hadidu zake za rejea zilipitishwa mwishoni mwa 2024, na lengo ni kuukamilisha 2027. Wanaokwenda mezani bila wanasheria wa kutosha wa kodi hutia saini walichoandikiwa na wengine. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulieleza hapa.

Mpango wako basi uwe huu. Wiki hii lichukue tena lile faili, usome uamuzi wa baraza mstari kwa mstari, na pembeni ya kila sababu waliyoitoa uandike ni hati gani ingeibadilisha. Mwombe mkuu wako akupe faili jingine la kodi, hata dogo la kuandika pingamizi, na uzihesabu siku za kuliwasilisha tangu siku ya kwanza, maana kuchelewa huua kesi nyingi ambazo zingeshinda. Anza kozi ya uhasibu. Omba mitaala ya programu mbili za kimataifa na moja ya ndani ya nchi unayotaka kufanya kazi, uilinganishe. Barua ya maombi ukishaiandika, nitumie rasimu kabla hujaipeleka. Nitaisoma.